Udongo wa Mawe wa Malisho ya Juu: Matabaka na Tabia Zake

Ukisimama Lanet ukatazama upande wa Gilgil utaona miinuko yenye nyasi fupi, vichaka vya leleshwa vyenye majani ya rangi ya majivu, na mawe. Mawe kila mahali. Abiria wengi wanaopita huku kwa matatu wakienda Nairobi husema kwamba ardhi hii ni bure tu, si ya kulima wala si ya kujenga. Wengine, na hawa wanazidi kuongezeka, husema kinyume: ardhi imelala, iondolewe mawe ipandwe mahindi. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba pande zote mbili hazijatazama chini ya nyasi. Udongo huu una matabaka yake, una nguvu zake na una udhaifu wake, na mtu akishaujua anaweza kupiga hesabu ya kawaida kabisa akaona utaweza nini na utashindwa na nini.

Jiografia tunafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo wanachama wenzangu mtaniwia radhi nikieleza maneno kidogo kabla ya kuendelea. Ukikata ardhi wima kama mtu anayekata keki, utaona mikanda yenye rangi tofauti. Kila mkanda nauita tabaka. Wataalamu huyapa matabaka herufi. O ni majani makavu na samadi iliyo juu kabisa. A ni udongo wa juu wenye mboji. B ni udongo wa chini. C ni mwamba uliooza, na R ni mwamba mzima ambao haujaanza kuoza. Hayo yatutosha.

Baba yangu mdogo ana ekari mbili za malisho juu ya Mbaruk. Muhula wa kwanza alikuwa ameshaongea na mwenye trekta, alitaka kulima zote mbili msimu wa mvua ndefu. Ng'ombe watatu wa nyumba yetu hula hapo hapo, na karo yangu hutoka kwa maziwa yao, hivyo jambo lenyewe halikuwa la kitabuni tu. Nilimwomba ruhusa tuchimbe shimo kwanza. Alicheka. "Chimbeni, mwanangu, mtapata mawe tu." Tukaenda sita, na sururu, mtaimbo, rula, beseni na chupa mbili za plastiki.

Tabaka la O halikuwa hata sentimita moja. Nyasi zimeliwa, na kilichobaki ni mabua makavu na samadi iliyosagika.

Tabaka la A lilianzia hapo hadi sentimita 17. Rangi yake ni hudhurungi iliyokolea, karibu nyeusi likiwa na maji. Ukilishika linavunjika punje punje kama ugali wa jana. Mizizi ya nyasi imejaa humo kiasi kwamba sururu ilikuwa ikirudi na bonge zima lililoshikana kama mkeka. Mawe yapo, mengine madogo kama njugu, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtu. Tulitenga mawe upande mmoja na udongo upande mwingine, tukapima kwa debe. Mawe yalikuwa karibu theluthi ya vyote tulivyovitoa.

Kutoka sentimita 17 hadi 31 rangi hufifia ikawa kahawia ya kawaida. Hili ndilo tabaka la B, na kusema kweli ni B changa, bado haijakomaa. Katika udongo mzee, ule mwekundu wa milimani kama Kiambu au Kisii, tabaka hili huwa nene mno, na lina mfinyanzi mwingi ulioteremka kutoka juu. Hapa halijapata muda huo. Lina changarawe nyepesi za rangi ya manjano, na mizizi imepungua.

Chini ya hapo kuna kitu kinachofanana na jiwe lakini ukikigonga kwa jembe kinavunjika, na ndani yake unaona madoa meupe na ya kutu. Ndiyo C, mwamba uliooza. Mizizi michache sana, myembamba kama uzi, ilikuwa imejipenyeza katika nyufa zake. Kisha kwenye sentimita 46 mtaimbo ulilia "ngee!" na mikono ikatuuma. Hiyo ilikuwa R. Hatukuendelea.

Ukitaka kuiona R bila kutoa jasho, nenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho nje kidogo ya Nakuru mjini. Hapo udongo umekuwa mwembamba hadi mwamba umejitokeza wenyewe, na watu wa kale wakachonga bao la kuchezea juu yake. Mary Leakey alianza kuchimbua mabaki ya kale hapo mwaka 1937. Pimbi wenyewe hupenda hapo kwa sababu ya nyufa za mawe. (Kuchimba hapo hairuhusiwi, msije mkasema niliwatuma.)

Sasa linganisha na shimo la pili, ambalo hatukulichimba sisi. Chini ya mteremko huo, kama dakika kumi kwa miguu, jirani mmoja alikuwa akichimbisha choo. Mafundi walikuwa wamefika futi kumi na hawajagonga mwamba. Ukuta wa shimo lile ulikuwa kitabu! Juu kulikuwa na udongo mweusi wa karibu sentimita 90, mawe machache mno. Kisha mkanda wa majivu ya kijivu. Kisha mkanda mweupe wa vijiwe vyepesi, halafu, jambo lililotushangaza wote, mkanda mwingine mweusi wenye alama za mizizi iliyokufa. Hiyo ni tabaka A ya zamani. Nyasi ziliwahi kuota pale, volkano ikamwaga majivu juu yake, maisha yakaanza upya juu ya majivu.

Majivu hayo yametoka wapi? Tumezungukwa. Kaskazini ya mji wetu kuna Menengai, mlima wa mita 2,278 ambao kilele chake kiliporomoka baada ya mlipuko na kuacha shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi. Upande wa Naivasha kuna Eburru na Longonot. Milipuko yao ya maelfu ya miaka iliyopita ilirusha majivu na vijiwe vyenye vitundu, vile ambavyo kina mama hununua sokoni vya kusugulia visigino. Vitabu huviita pumisi. Upepo ulivitawanya kotekote. Juu ya mteremko mvua iliyasomba majivu hayo, chini yakakusanyika. Ndiyo maana shimo moja lina sentimita 46 na jingine futi kumi, ilhali umbali kati yake ni mfupi. Wengi hueleza kwamba hata jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtu aliyetembea hapa mwezi wa Februari hatabisha.

Tuliujaribu udongo wa tabaka la A kwa njia tatu rahisi ambazo hata wewe unaweza kuzifanya. Ya kwanza, loanisha kidogo, ufinyange uwe kamba. Mfinyanzi hutoa kamba ndefu inayoweza kupindwa kuwa pete. Wetu ulikatika kabla haujafika urefu wa kidole. Ya pili, tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa sana, uiache. Mchanga ulianguka upesi, udongo laini ukakaa juu yake, na juu ya maji yenyewe vikaelea vijiwe vya pumisi kama mashua. Hebu fikiria, mawe yanayoelea! Ya tatu, mwaga lita moja ya maji juu ya nyasi, na lita nyingine juu ya njia ya ng'ombe iliyokanyagwa. Kwenye nyasi maji yalizama kabla hatujamaliza kuhesabu hadi ishirini. Kwenye njia yalikimbia yakichukua udongo, yakawa kama chai ya maziwa.

Kwa hivyo huu ni udongo tifutifu wenye mchanga mwingi, mwepesi, unaopitisha maji haraka mradi nyasi zipo. Wataalamu wa dunia wangeugawa kwa majina mawili. Ule wa chini, wa choo, ni Andosoli, jina lililotokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi. Ule wa juu unaelekea jamaa ya Leptosoli, kutoka Kigiriki, yaani udongo mwembamba. Kikamilifu huitwa hivyo mwamba ukiwa ndani ya sentimita 25 kutoka juu, au mawe yakizidi sana. Wetu haujafika hapo, lakini tulipopanda hatua hamsini kuelekea kileleni mwamba ulikuwa sentimita 14 tu chini ya nyasi. Jina moja lilikuwa likigeuka kuwa jingine tukitembea.

Kuna tabia nyingine ambazo macho hayazioni. Majivu ya volkano yakioza hutoa madini yaitwayo alofani, na alofani ina uchoyo wa ajabu: hushika fosforasi isiiache. Mkulima anamwaga mbolea ya DAP shambani, mahindi yanatoka na majani ya zambarau, naye analaumu mbegu. Dawa yake ni kuitia mbolea ndani ya shimo karibu na mbegu badala ya kuitawanya, na kuongeza samadi, kwa kuwa mboji hupunguza uchoyo huo.

Upungufu mwingine uliipatia Nakuru sifa ambayo hatukuiomba. Katika vitabu vya tiba ya mifugo kuna ugonjwa unaoitwa Nakuruitis. Ng'ombe na kondoo wa huku walikuwa wakikonda na kukosa hamu ya kula, damu ikapungua, na huku wamesimama katikati ya nyasi. Sababu ni kwamba udongo wa majivu ya sehemu hizi una kobalti chache mno, nyasi zikaikosa, na vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe haviwezi kutengeneza vitamini B12 bila kobalti. Jiwe la chumvi la kulamba lenye madini hayo linatosha. Nilipomsomea baba mdogo sehemu hii aliacha kucheka, akauliza kama chumvi anayonunua ina hiyo kobalti. Tulisoma gunia pamoja. Ilikuwa nayo. Na kama kobalti ni haba, floridi ni tele: miamba yetu huiachia ndani ya maji ya visima, na ndiyo inayotupaka wengi wetu meno rangi ya kahawia. Msituonee kwamba hatupigi mswaki.

Wazee wa huku husema mawe yanakua. Ukiyaokota mwaka huu, mwaka ujao yamezaliwa mengine. Mimi sioni kuwa ni maneno ya kupuuzwa, kwa sababu waliona kweli, ila maelezo ndiyo yanayotofautiana. Mvua na upepo huondoa udongo laini, mawe hayaendi popote, kwa hivyo kila mwaka yaliyokuwa chini hujikuta juu. Mawe hayajapanda, udongo ndio ulioshuka. Penye nyasi nzuri mambo huenda kinyume chake: fuko na mchwa hutoa udongo laini chini na kuumwaga juu, na taratibu mawe hufunikwa. Basi mtu anayeona mawe mapya kila msimu katika shamba lake anasomewa taarifa ya hasara.

Yakiwa juu, mawe yenyewe hayana ubaya wote tunaoyasingizia. Tone la mvua likianguka juu ya jiwe halivunji udongo. Chini ya jiwe kuna unyevu hata wakati wa kiangazi, liinue uone nge alivyojificha hapo. Ubaya wake ni kwamba yanachukua nafasi ya udongo, na nafasi ya udongo ni nafasi ya maji.

Hapo ndipo hesabu niliyoahidi inapoingia. Shimo letu la juu lina A na B kufikia sentimita 31, tuseme 30. Toa theluthi ya mawe, inabaki sentimita 20 ya udongo halisi. Udongo wa namna hii ukishiba, na maji ya ziada yakaisha kuchuruzika, tukadirie kwamba hubaki na maji ya kufyonzwa na mmea kiasi cha sehemu moja kwa tano ya ukubwa wake. Hiyo ni sentimita 4, yaani milimita 40. Mahindi yanayotoa mbelewele hunywa karibu milimita 5 kwa siku. Gawanya: siku 8. Mvua ikikatika siku nane tu katika wakati huo, mahindi ya juu yanaanza kusokota majani, na siku za kusokota majani wakati wa mbelewele ndizo zinazoamua kama gunzi litakuwa na punje au la. Chini kwa jirani, sentimita 90 bila mawe mengi, hesabu hiyo hiyo inatoa milimita 180, siku 36.

Nyasi nazo zikikosa maji siku nane hukauka juu, mizizi ikalala na kungoja. Mvua ikirudi, wiki moja kijani kimerudi. Mahindi hayajui kulala.

Sasa upande wa hasara. Ekari moja ina mita mraba 4,047. Ukipoteza sentimita moja tu ya tabaka la A, ni kama mita za ujazo 40. Toa mawe, inabaki 27. Udongo wa majivu ni mwepesi, tuseme tani 0.9 kwa kila mita ya ujazo, kwa hivyo ni tani 24. Malori matatu ya tani saba, na bado unabaki na mzigo. Nani angekaa kimya aone malori yakija kuchota shamba lake? Lakini mvua ikichota, kidogo leo kidogo kesho, hatusemi kitu. Chururu si ndo ndo ndo. Na kuirudisha sentimita hiyo kwa kuoza mwamba huchukua mamia ya miaka.

Mto Mbaruk, pamoja na Mereroni na Kariandusi, huelekea Ziwa Elementaita. Ziwa hilo halina njia ya kutokea, na lina kina kifupi. Mwaka 2011 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria, na mwari weupe huzaana huko. Matope yakiingia hayana pa kwenda.

Mtu atauliza, si tuchimbe matuta? Hapa wanachama wa Kiswahili tujivune kidogo. Vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo, hata vinavyosomwa mbali na Afrika, vina neno "fanya juu" lililoandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili, kwa sababu matuta ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu yalishika sifa Ukambani. Lugha yetu imekuwa mwalimu. Lakini mtaro wa fanya juu huhitaji kina cha kama sentimita 60. Sisi tuna 46, na juu zaidi 14. Mtaimbo hauelewi methali. Mahali kama hapa dawa ni mistari ya mawe: mawe hupangwa kukingama mteremko, usawa mmoja, yakafukiwa kidogo. Maji hupita katikati yake polepole na kuacha udongo nyuma. Mawe hayahitaji kununuliwa. Usawa tuliupata kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa nyumba.

Mwishowe baba mdogo alitaka kujua mambo ya ekari zake mbili, si ya shimo moja. Ombi la haki. Tulingoja mvua ilainishe ardhi, tukapiga mtaimbo mahali ishirini, hatua kumi kutoka pigo hadi pigo, na kuandika kina ulipolia. Katika ekari ya juu, mapigo saba kati ya kumi yalilia kabla ya sentimita 30. Katika ekari ya chini ni mawili tu, na manne yalizama zaidi ya 60. Alilitazama karatasi muda mrefu, akaenda akayarudia mapigo matatu mwenyewe kuhakikisha hatukumdanganya.

Trekta ililima ekari ya chini peke yake. Ekari ya juu imeachiwa nyasi, na ng'ombe wamefungiwa nusu yake hadi mbegu zianguke. Mistari ya mawe miwili imekwisha katika mpaka wa ekari hizo, wa tatu umefika kwenye leleshwa kubwa. Tunaendelea Jumamosi, mwenye nafasi aje na glavu, kwa sababu nge wapo.